Siku Mtani Wangu Aliponiamkia

Kabula, wewe na wenzako mliokaa benchi la nyuma pale ukumbini Kharumwa, mliniuliza swali nikajifanya nakohoa. Nilialikwa niwaeleze habari za matimba, nikaeleza vizuri tu, mkaandika. Kisha ukasimama ukasema, "Mzee, fundi akiona matimba yameoza, anamwambiaje tajiri bila kufukuzwa kazi?" Wenzako wakacheka. Wewe hukucheka, na mimi sikuwa na jibu la dakika mbili. Sasa nipo nyumbani Mhunze, magoti yananisumbua, muda ninao. Jibu lako ni hili, ni refu kidogo, kwa hiyo chemsheni chai.

Mimi ni Baba Kulwa, fundi matimba mstaafu. Kwa ndugu zenu wasiojua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na matimba ni magogo tunayozungushia kuta zake kuanzia juu hadi chini ili udongo usirudi mahali pake. Wachimbaji hushuka na kupanda kwa kukanyaga magogo hayo hayo. Mchimbaji akipata dhahabu anaimbwa mpaka sokoni. Fundi matimba haimbwi na mtu. Kazi yake ikiwa nzuri, hakuna kinachotokea, na nani anashangilia kitu ambacho hakikutokea? Basi nitajishangilia mwenyewe: kwenye matimba niliyosimamia mimi hakufa mtu. Nimeliandika mara moja nisionekane na majivuno, ila ninyi mnaweza kulisoma mara mbili.

Aliyenifundisha alikuwa Mgogo, Mzee Chiwanga, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Nilimkuta kwenye mlima wenye maduara mengi, katika duara la tajiri mmoja aliyeitwa Maduhu, Msukuma mwenzangu. Nilikuwa nimejenga mazizi ya ng'ombe tangu utotoni, nikaamini miti ninaijua. Chiwanga akaniambia nichague gogo kwenye rundo. Nikachagua nene, lina gamba la kupendeza. Akachukua shoka, akalibandua gamba, chini yake wadudu wamekwisha jenga kijiji.

"Msukuma," akasema, "wewe kila kitu unachagua kwa unene. Gogo haliliwi."

Duara zima lilinicheka, na tangu siku hiyo sijaingiza gogo lenye gamba chini ya ardhi. Alinifundisha kugonga gogo kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Zima linaita ko, ko. Lililochoka linaguna. Alinifundisha kutazama kabari, vile vipande vya mti tunavyopigilia nyuma ya magogo: ikilegea, ujue udongo umeondoka nyuma yake, ikibanwa mpaka inachanika nyuzi, ujue mwamba unasogea na unakuja kwako. Na maji yakichuruzika safi, fanya kazi. Yakibadilika yakawa ya tope wakati juu hakuna aliyemwaga kitu, acha hata shati lako, panda.

Lakini ufundi wake mkubwa haukuwa kwenye shoka, ulikuwa kwenye mdomo. Wasukuma na Wagogo ni watani. Wazee walituambia jambo hilo lilianza zamani, watu wetu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani, wakagombana, wakalishana, mwisho wakakubaliana kutaniana badala ya kupigana. Mtani anaweza kukuita mlafi mbele ya mkweo na usimfanye lolote. Anaweza kuchukua kofia yako akaivaa. Ukinuna, umeshindwa wewe. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo akiwa ndiye fundi wa duara, na tajiri ni mtani wake.

Maduhu alikuwa akija kutukagua kila Jumamosi asubuhi na viatu vyake vya kung'aa. Alipenda kuchekesha. Hakuwa na kipaji, ila alikuwa na duara, na mwenye duara hana mzaha mbaya. Sisi tulicheka kabla hajamaliza. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote, nilikuwa na kicheko maalumu cha Jumamosi kinachoanzia tumboni, na nakiri kwamba kicheko hicho kilinipatia siku nyingi za kazi nyepesi. Kucheka kwa namna hiyo ni kumsalimia mkubwa kwa meno.

Jumamosi moja Maduhu alikuta Chiwanga amelala kwenye mdomo wa duara, juu ya mkeka, kajifunika shuka nyeupe mpaka usoni, mikono kifuani. Maduhu akasimama.

"Nani kafa hapa?" akauliza.

"Mimi," Chiwanga akajibu kutoka ndani ya shuka. "Bado kidogo tu. Nimeona nizoee mapema. Wewe Msukuma ng'ombe wako umewajengea zizi la miti mizima, shimo la watu umeliwekea kuni."

Maduhu alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu gari likashusha magogo mapya. Mnaelewa kilichotokea? Katika watu wote pale, hakuna mwingine ambaye angesema maneno hayo akabaki na kazi. Ningesema mimi, Msukuma mwenzake na kijana wake, ningeambiwa sina adabu. Msimamizi wetu, aliyetoka Bukoba, alishajaribu kusema kwa Kiswahili kizuri cha shule, akajibiwa kwamba anajifanya anajua. Mama Zuhura, mama lishe wetu kutoka Pwani, alikuwa na njia yake ya kumsema tajiri kupitia sufuria: "Wewe sufuria, siku utakapotoboka ndipo watajua umezeeka." Maduhu alisikia, akadhani kweli anaongea na sufuria. Kila mtu alikuja na namna yake ya kuchekesha na kusema kutoka kwao, na si kila namna inasikika kila mahali.

Hapo namkumbuka injinia mmoja mgeni, Mzungu, aliyekuja siku moja kutufundisha usalama. Alikuwa hana unywele hata mmoja. Akavua kofia ngumu, akajipapasa, akasema kwa mkalimani kwamba yeye ndiye anayehitaji kofia zaidi yetu sote, maana jiwe likianguka kichwani kwake halina hata pa kushika breki. Akatutazama akisubiri. Sisi tukainamisha macho. Akarudia, safari hii akijionyesha kwa kidole. Mzee mmoja kati yetu akamjibu kwa huruma ya kweli, "Pole sana, baba."

Yule mgeni akawa mwekundu, nadhani aliondoka akiamini hatumpendi. Haikuwa hivyo. Kwetu mtu mkubwa akitaja kilema chake unampa pole. Ukimcheka, umemvunjia heshima. Kwao, kumbe, mkubwa anajishusha mwenyewe kwanza ili wadogo wapumue. Jioni yake tukilijadili jambo hilo, Chiwanga akamalizia mjadala. "Yule hana mtani," akasema, "ndiyo maana anajitania mwenyewe. Mwoneeni huruma."

Sasa nije kwenye kosa letu, na ninasema letu kwa sababu sehemu yangu ilikuwa kubwa.

Mkeka na shuka vilifanya kazi mara ya kwanza. Mara ya pili vilileta magogo, lakini machache. Mara ya tatu Maduhu alikuja na wageni wake kutoka Kahama makusudi waje wamwone "Mgogo wangu anayekufa kila Jumamosi." Chiwanga akalala, akasema lile alilotaka kusema, kwamba matimba ya ngazi ya pili kutoka juu yanaguna. Wageni wakashika mbavu. Maduhu akafuta machozi, akasema, "Huyu mtu ataniua kwa kicheko," wakaondoka zao kula nyama. Magogo hayakuja. Na mimi, Kabula, mimi niliyekuwa nimegonga magogo yale kwa shoka langu na kuyasikia yakiguna, nilicheka kuliko wageni. Nilicheka kwa sababu tajiri alicheka. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Ikaja masika. Mvua ilinyesha siku tatu, ya nne asubuhi ikakatika, tukashuka. Chini tulikuwa watatu, mimi na ndugu wawili kutoka Ushirombo. Chiwanga alikuwa juu yetu, ngazi ya pili, anakagua kabari. Tukasikia sauti yake.

"Enyi Wasukuma, pandeni juu. Mlima una njaa, na umechoka kula Wagogo wembamba."

Nikamjibu, "Uambie usubiri tumalize. Wewe nenda kaombe uji kwa Mama Zuhura."

Wale ndugu wakacheka. Chiwanga akaita tena, safari hii kwa ukali, hana mzaha. Tukazidi kucheka, maana mtani akikaza sura ndipo anapokuwa mtamu. Akaita mara ya tatu, na mmoja wa wale ndugu akamjibu kwa kuigiza mbuzi. Mnaona tulikofika. Mtu aliyekuwa amepewa ruhusa ya kusema lolote, alikuwa sasa hana neno hata moja ambalo tungeliamini.

Kisha tukaona miguu yake inashuka kwenye matimba. Alifika chini, akavua kofia yake ngumu, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa baba yangu. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Baba Kulwa."

Sikuitikia. Nikaweka nyundo chini.

"Shikamoo," akarudia. "Nakuomba utoke na wadogo zako."

Mtani haombi. Na mzee wa umri wa baba hamwamkii kijana. Mtaani watu huichezea shikamoo, vijana wa kijiweni wanapeana bure, lakini yule mzee kwenye kutania kwake kote hakuwahi kuigusa. Siwezi kuwaeleza vizuri nilivyoogopa. Niliwasukuma wale ndugu mbele, tukapanda bila kuchukua nyundo wala kamba. Yeye akatupisha tupite, kwa hiyo akawa wa mwisho. Sisi tulitokea juani. Yeye alikuwa amebakiza hatua nne ngazi ya pili ilipoachia, na gogo likamkamata mguu.

Tulimtoa. Ilituchukua asubuhi nzima, kwa mikono na ndoo, na kila aliyekuwa mlimani alikuja, hata wa maduara tuliyokuwa tunagombana nayo mipaka. Mguu ulikatwa hospitalini, chini ya goti.

Maduhu alikuja kumwona wodini. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Chiwanga akamtazama, akasema, "Msukuma, umeona? Nilipokuwa na miguu miwili ulicheka. Leo nina mmoja, ndiyo hucheki."

Maduhu alilia mbele yetu, mtu mzima na shanga za jasho usoni. Nami nikalia. Na Chiwanga, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha mambo yakae hivyo, akaongeza kwamba kama ni kulia basi tulie kwa zamu, wodi ni ndogo.

Kuanzia siku ile tukaweka sheria, na Maduhu mwenyewe ndiye aliyeitangaza, akiwa amesimama kwenye mdomo wa duara jipya, viatu vimejaa tope. Salamu za heshima zinaishia juu, kwenye moto wa chai. Huko asubuhi kila kijana amwamkie kila mzee mpaka mzee aridhike. Ukishavaa kofia ngumu, ni "mwangaluka" kwa Wasukuma na "mambo vipi" kwa wengine, na utani ruksa hata kwa mwenye duara. Lakini mtu yeyote, mkubwa au mdogo, fundi au mpishi, akivua kofia na kusema shikamoo ndani ya duara au mdomoni pake, watu wote wanapanda kwanza. Maswali ni juu. Asiyepanda hana kazi, na anayemfukuza aliyesema, naye pia hana kazi, hata akiwa msimamizi. Tajiri alisema hivyo kwa mdomo wake mbele ya watu.

Nilipochukua nafasi ya Chiwanga niliirudia sheria hiyo kwa kila mgeni kabla sijamwonyesha pa kuweka mguu. Kwa miaka yote ile imetumika mara chache. Mara moja Mama Zuhura ndiye aliyeitoa, aliona maji ya tope yakitoka chini ya jiko lake akaja mbio na mwiko mkononi, hana kofia ya kuvua, akavua mtandio. Tulipanda wote. Yalikuwa ni maji ya bomba lililopasuka. Hakuna aliyemcheka, na nililisimamia hilo mwenyewe.

Mwisho wa kazi yangu tajiri alikuwa Shija, mtoto wa Maduhu, kijana msomi, mpole, simu mbili. Shija alinipenda. Alikuwa ananirekodi nikitania watu na kurusha kwenye mitandao, nikawa maarufu Geita nzima bila kujua. Nilipomwambia kwamba ngazi ya tatu inahitaji magogo mapya, nililisema kwa utani, kwa mazoea, akacheka, akaomba nirudie upande wa mwanga mzuri. Wiki iliyofuata akaja na marafiki kutoka mjini. Nikatandika mkeka wa Chiwanga, nikajifunika shuka. Nikasikia simu zinawashwa. Nikiwa pale chini ya shuka, nikaelewa kabisa alivyojisikia yule mzee Jumamosi ile ya tatu. Chini walikuwa watu tisa.

Nikaamka. Nikavua kofia ngumu, nikaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Shija."

Kijana huyo ana umri wa kitindamimba wangu. Marafiki zake wakaangua kicheko, mmoja akaniitikia, "Marahaba, mzee." Shija hakucheka. Aliteremsha simu. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka ule wa masika, na ndiye aliyekuwa akimpelekea Chiwanga uji hospitalini.

"Vuta winchi," akawaambia vijana wa mashine ya kuvutia watu, ambayo siku hizo tulishaipata. "Toa watu wote. Wote." Alipotoka wa mwisho, akanisogelea. "Baba Kulwa, sijaitikia. Naomba irudi kwako. Shikamoo."

"Marahaba, ng'wanawane," nikamwambia, yaani mwanangu.

Duara lile lilisimama siku kumi na mbili likiwa tupu. Siku kumi na mbili nilitaniwa na mlima mzima, hata mbwa nadhani walinitania. Asubuhi ya kumi na tatu ngazi ya tatu ikaenda, ikachukua kamba, nyundo na birika letu la chai. Watu tisa walikuwa juu wanakunywa maji ya moto kwa kikombe, wanalalamikia birika. Sijawahi kusikia malalamiko matamu namna ile, na nilirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele.

Sasa jibu lako, Kabula. Wewe ni Msukuma na tajiri wako ni Msukuma. Huna utani naye, usijaribu mkeka na shuka, utaonekana umechanganyikiwa. Tafuta kwenye duara nani ni mtani wake, umtumie huyo kwa mambo madogo. Akicheka akatenda, vizuri. Akicheka asitende mara mbili, utani umechakaa, uubadilishe kama unavyobadilisha gogo. Na wakati wa kiangazi, mambo yakiwa shwari na tajiri ameshiba, mwombe atangaze kwa mdomo wake ishara moja isiyotaniwa. Usingoje masika. Wakubwa hukubali kwa urahisi jambo ambalo hawaoni litawahusu lini.

Nimalizie na safari yangu ya Bahi. Chiwanga aliishi miaka mingi kwa mguu mmoja, akafuga mbuzi, akanipigia simu kila sikukuu kunitukana. Alipofariki mwaka jana nilipanda basi na shoka langu kwenye gunia. Pamoja nami walikuja Shija na vijana saba wa duara. Kwenye msiba watani ndio sisi, hatuli mpaka tumesumbua. Walipoleta jeneza kaburini nikawazuia. Nikaligonga kwa kisigino cha shoka, nikasikiliza, nikawaambia Wagogo kwamba mbao hizi zinaguna na fundi wangu halali humu. Nikashuka kaburini, nikapapasa kuta, nikauliza kabari ziko wapi. Mjane wake alicheka huku anafuta machozi, akasema, "Mpeni Msukuma kuku anyamaze." Nilifanya yote ambayo yeye angefanya kwangu, na nilifanya vizuri.

Nikatoka, nikasimama ukingoni. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ngumu ya kazi, watu walidhani nayo ni sehemu ya utani. Nikaivua, nikaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee Chiwanga."

Nyuma yangu nikasikia viatu. Shija na wale vijana saba, kwa mazoea, walikuwa wote wamerudi hatua tatu kutoka ukingo wa shimo. Hakuna aliyewaambia.